Makofi Nyuma ya Mlango

Walisema hataweza. Walisema mwanamke wa umri ule, ambaye Kiarabu chake ni cha kusomea Kurani na si cha kubishana dirishani, hatashinda rufaa mbele ya ofisi yenye kompyuta na mihuri. Walisema wajukuu wake wataikosa posho mpaka waote ndevu. Na walipojua kwamba mimi ndiye ninayemwandikia hiyo rufaa, wakacheka zaidi, kwa sababu mimi niliingia nchi hii na sanduku moja lililofungwa kamba.

Sanduku lilikuwa na kamba, sikatai. Ndani yake mlikuwa na diploma ya uhasibu. Leo diploma hiyo imo katika fremu ya rangi ya dhahabu, ukutani, katika ofisi yangu mwenyewe hapa Ibra, ninapochapa maombi ya watu na kuwafuatilia shughuli zao serikalini. Nilizaliwa Tabora, katika nyumba ya Waarabu wa bara walioitaja Omani kila siku bila kujua njia ya kurudi. Mimi niliijua. Nililinda ghala la mbao Sur, nikauza simu Al Kamil, nikajifunza Kiarabu cha maofisini kwa kusoma fomu za wenzangu wakati wao wanakunywa chai. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo Bi Mwalimu alipopanda gari yangu kwenda kuitetea haki ya wajukuu wake, hakupanda gari ya mtu ovyo.

Bi Mwalimu ndilo jina ambalo mtaa mzima ulimwita, hata watu waliomzidi umri. Alikuwa na chuo uani kwake, cha kusomesha watoto Kurani. Wa kwanza kunisahihisha kuhusu neno hilo alikuwa yeye mwenyewe, siku nilipomwambia kwamba na mimi nimepita chuo.

"Chako cha karatasi, baba," alisema. "Changu cha mikeka."

Tangu siku hiyo akaniita Bwana Diploma. Aliliita jina hilo kwa sauti ya heshima kabisa, na mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima.

Alitoka Unguja mjini akiwa msichana, na Kiswahili chake kilibaki pale pale alipokiacha. Vijana wetu wa hapa wanachanganya Kiarabu na Kiswahili mpaka huelewi sentensi imeanza na lugha gani. Kwake ungeweza kukaa saa nzima usisikie neno lililokatwa. Mtoto akimwambia "kitabu yangu", alimtazama kwa huzuni, kama mtu aliyeona sahani nzuri ikianguka. Hakumkemea. Alisubiri tu, na mtoto mwenyewe akatafuta alipokosea.

Na hapa ndipo ilipo tabia yake kubwa. Sauti yake hakuitumia ovyo. Ua wake ulipakana na njia wanayopita wanaume kwenda msikitini, na yeye alilelewa kwamba sauti ya mwanamke haivuki ukuta. Basi chuoni alifundisha kwa makofi. Mtoto akikosea aya, Bi Mwalimu alipiga kiganja juu ya mgongo wa mkono mara moja: rudia. Akipiga mara mbili: nyamaza, nimekusikia, ngoja. Watoto kumi na zaidi walikuwa wakisoma kwa pamoja, kila mmoja sura yake, na kila mmoja alijua kofi lile ni lake. Nilikuwa nikipita nje nikisikia ile pa, na papo hapo sauti moja ndogo inarudi nyuma na kuanza upya.

Lakini siku za mpira, dini ya sauti ilisahaulika. Bi Mwalimu alipenda mpira kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Timu ya taifa ikicheza, mtaa haukuhitaji redio.

"Refa huyo kipofu! Mtoeni! Yailahi, mtoeni!"

Mumewe, dereva mstaafu wa lori la maji, alikuwa akitoka nje na kiti chake na kukaa ukutani, akitikisa kichwa. "Mimi na refa," aliniambia siku moja, "tunaonewa sawasawa." Mchezo ukiisha, sauti ilirudi ndani ya ukuta, na kesho yake makofi yaliendelea kama kawaida.

Alikuwa mbahili na alikuwa mkarimu, na sikuona mpaka kati ya hayo mawili. Alipasua kitambaa cha karatasi vipande viwili ili nusu ibaki kwa ajili ya kesho. Lakini mwezi wangu wa kwanza Ibra, nilipokuwa nimepanga chumba nyuma ya nyumba yake na bado sijawa huyu niliye leo, hakuna mchana ambao sahani ya wali haikukaa juu ya ukuta wangu, imefunikwa kawa. Hakunipa mkononi na hakusubiri shukrani. Niliporudisha sahani tupu alikasirika.

"Sahani hairudi tupu. Kwenu bara hamkufunzwa?"

Nilinunua tende kisha nikairudisha. Hakupenda kudaiwa, na hakupenda pia mtu mwingine abaki anadaiwa. Kwake yote hayo yalikuwa uchafu wa namna moja, wa kufagiwa kabla jua halijachwa.

Wajukuu watatu walikuwa yatima wa mwanawe wa pekee. Mama yao alitangulia, kisha baba. Mzee na Bi Mwalimu waliwachukua bila kikao cha ukoo. Serikali inamwekea kila mtoto posho ya kila mwezi, inayolipwa kwa mlezi anayeishi naye, na jina la mlezi lilikuwa la mzee. Kisha mzee naye akafariki, asubuhi, akiwa anafunga kilemba.

Posho ikasimama, kwa kuwa mlezi aliyeandikwa hayupo tena. Hilo ni la kawaida. Nilimwandikia Bi Mwalimu maombi ya kuwa mlezi yeye, maombi safi, ambayo mtu asiye na elimu asingeweza kuyapanga vile. Ofisi ikasema itatuma mtafiti nyumbani kuhakikisha kwamba watoto kweli wanaishi pale. Hilo nalo ni la kawaida.

Bi Mwalimu alikuwa eda, ile miezi ya mjane kukaa ndani. Na eda yake haikuwa ya siku hizi, ya simu na wageni sebuleni. Ilikuwa ya kizamani, ya Unguja ya utoto wake. Televisheni aliifunika kanga. Chuo alikifunga. Hakutoka mlangoni, na hakuzungumza na mwanamume asiye maharimu wake hata kwa neno moja. Mimi mwenyewe, baada ya miaka yote ile, nilikuwa nikipewa habari kupitia kwa mjukuu mkubwa, msichana, aliyesimama kati yetu kwenye pazia. Masheikh walimwambia kwamba dini haikumkaza kiasi hicho. Aliwajibu kupitia kwa mjukuu huyo huyo kwamba dini haikumkaza, yeye mwenyewe ndiye aliyejikaza.

Mtafiti akaja asubuhi ya siku ya shule. Watoto hawapo. Akapiga hodi, akangoja, akapiga tena. Shambani mkabala palikuwa na kibarua mgeni, aliyefika wiki ile ile. Akaulizwa kama anawaona watoto nyumba ile, akasema hajaona mtoto. Mtafiti akaenda zake. Uamuzi ukaja kwenye simu yangu, maana namba yangu ndiyo niliyoandika: nyumba haina mtu, watoto hawaishi hapo, mwombaji hastahili.

Nilimsomea pale kwenye pazia. Kisha mjukuu akatoa kichwa.

"Bibi anasema, alimjibu."

"Alimjibu nani?"

"Yule mtu. Anasema alimjibu."

"Mwulize alimjibu vipi."

Kichwa kikaingia, kikatoka. "Anasema, kama mtu wa eda anavyojibu."

Kwetu bara mtu wa eda hujibu kwa sauti ya chini. Nikaandika kwenye rufaa kwamba mrufani alimjibu mtafiti, na kwamba mtafiti hakusikiliza vizuri. Ilikuwa rufaa kali. Nimeandika nyingi, lakini ile naikumbuka.

Jambo lenyewe halikuwa pesa peke yake. Ukoo ulipopata habari kwamba posho imekataliwa, walianza kuja. Ami mmoja kutoka Sur, binamu wa baba yao, alisema yeye atamchukua mvulana. Binamu mwingine, shangazi yao wa Maskati, akamtaka mdogo, kwa kuwa hana binti. Walisema kwa upole, juu ya kahawa, wakimhurumia mjane asiye na riziki. Kila mmoja alikuwa na nia njema, na nia njema mbili zingewaacha ndugu watatu katika miji mitatu. Bi Mwalimu aliwasikiliza nyuma ya pazia lake. Akawajibu kitu kimoja tu kupitia kwa yule msichana: wangoje rufaa.

Tukangoja. Sijui kama msomaji amewahi kungojea jambo la namna hii. Huli ukashiba, na hulali ukapumzika, na hakuna unachofanya. Ofisi ya Ibra ilisema faili la marehemu liko Nizwa, alikofanya kazi. Nikaenda Nizwa. Nizwa wakasema mtafiti ni wa mkoa wa Sharqiyah, niulize Sur. Nikaenda Sur, nikapita Al Qabil, nikapita Al Kamil, mahali ambapo zamani nililala juu ya kaunta ya duka la simu, nikapiga honi kidogo wanione na gari. Sur wakasema kikao kitafanyika Nizwa. Kila dirisha lilikuwa na kijana mstaarabu aliyeniita ustadhi, akanipa namba ya foleni, na hakuna aliyekosea wala aliyenisaidia. Nilikuwa nikirudi Ibra mgongo umekauka kama ubao. Nikisimama kwenye pazia, mjukuu anauliza, "Bibi anasema, vipi?" Nasema, "Mwambie bado." Neno hilo nililisema mpaka likanichosha mdomo.

Nyumbani walikuwa wakiishi kwa kukopa. Jirani wa mkabala alitoa mtungi wake wa gesi, akapika yeye kwa kuni. Mwenye duka la pembeni, Mhindi wa Kerala aliyejifunza Kiswahili kwa Bi Mwalimu huyo huyo, alipeleka unga na maziwa na hakuuliza kitu. Petroli ilikuwa yangu. Sikuitaja, ingawa watu walijua. Mtu akiulizwa anaenda wapi kila siku, hujibu.

Eda ikaisha kabla ya kikao, kwa rehema ya Mungu. Siku ya safari Bi Mwalimu alitoka mlangoni na buibui jipya, akasimama kwenye jua akafumba macho. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Bi Mwalimu."

"Marahaba, Bwana Diploma." Ile sauti, baada ya miezi yote! "Gari yako ina mlango wa nyuma, au nipande juu kama mbuzi?"

Tulishika njia ya Sinaw na Izki. Hakusema sana. Karibu na Izki aliuliza kama wale wa kamati wana watoto, nikasema sijui. Akasema basi atawasemesha kama wanao. Nizwa alikataa kupanda lifti. Tulipanda ngazi, yeye akishika ukuta, tukifika kila ghorofa anakaa juu ya ngazi na watu wanampita. Nilimwambia lifti ni salama. Akasema, "Mzee wangu alipelekwa juu kwa lifti hospitali, akashushwa kwa machela. Twende."

Chumba cha kamati kilikuwa baridi. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, mwenye kilemba kilichofungwa vizuri na macho ya mtu aliyesikiliza rufaa tangu asubuhi. Pembeni alikaa mtafiti mwenyewe, kijana mwembamba, kanzu yake ya dishdasha nyeupe pee. Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo manne. Mwenyekiti hakunipa nafasi, alimgeukia Bi Mwalimu. Walizungumza Kiarabu, chake yeye kikienda polepole, kikiwa na irabu zote kama kisomo.

"Mtafiti wetu anasema alipiga hodi kwako mara nyingi, khalti. Hakujibiwa."

"Alijibiwa."

"Na nani?"

"Na mie."

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Nilikuwa eda."

Mwenyekiti alisugua macho. "Ulimjibu, na hukumwambia kitu."

Niliinuka nusu kutaka kufafanua. Bi Mwalimu alinigusa mkono wa shati bila kunitazama, akasema kwa Kiswahili, "Kaa, baba." Kisha akaugeuza uso wake kando, mbali na wanaume wote mle ndani, akainua mikono hadi kifuani, na kiganja chake cha kulia kikaupiga mgongo wa mkono wa kushoto. Mara mbili. Akangoja. Mara mbili tena.

Pa-pa. Pa-pa.

Nilikuwa nimeyasikia makofi hayo miaka mingi kupitia ukuta. Nyamaza, nimekusikia, ngoja. Lakini mimi sikutazama huko. Nilimtazama yule kijana. Alikuwa amefungua mdomo.

"Hiyo niliisikia," alisema.

"Ulisikia nini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Hiyo. Wallahi niliisikia, nyuma ya mlango. Nilidhani jirani anapiga unga wa mkate. Nikagonga, ikalia. Nikagonga tena, ikalia tena."

"Na ukaandika nyumba haina mtu."

"Hakuna aliyesema neno, sheikh."

Mwenyekiti alimtazama, si kwa ukali. Alionekana amechoka tu, kama sisi sote. "Imamu akisahau rakaa," alisema, "mwanamke aliye nyuma hufanya nini?"

Kijana akainamisha kichwa. "Hupiga makofi."

"Kwa nini?"

"Ili asitoe sauti."

Mashine ya baridi ilikuwa inanguruma. Mwenyekiti akamgeukia tena Bi Mwalimu, sasa kwa sauti nyingine, akamwuliza watoto anaoishi nao ni akina nani. Alidhani atapewa majina. Bi Mwalimu akamwambia kwamba mkubwa anajifanya hasikii njaa ili wadogo wapate. Kwamba wa kati, mvulana, tangu babu yake afariki, analala na kiatu cha mzee chini ya mto, na yeye anajifanya hakioni. Kwamba mdogo hali bamia, na bado hajajua neno yatima, na angependa asilijue kwa kupelekwa mbali na nduguze.

"Wanao wangapi, mwanangu?" alimalizia kumwuliza mwenyekiti.

"Wanne," mwenyekiti alijibu, kabla hajakumbuka kwamba yeye ndiye mwenye kuuliza.

Tulirudi Ibra. Nataka ieleweke kwamba bila rufaa yangu kuandikwa kwa wakati na kwa hoja, pasingekuwa na chumba cha kupigia makofi; hilo nimewaeleza wengi. Lakini siku ile sikulisema. Pale Sinaw tulisimama kunywa chai, na Bi Mwalimu akalala na kikombe mkononi.

Uamuzi ulipokuja, mpokeaji wa kwanza wa habari nilikuwa mimi, kwenye simu yangu: mrufani anastahili, na posho iliyosimama italipwa yote tangu iliposimama. Nilikwenda kumwambia nikitegemea vigelegele. Alikaa juu ya ngazi ya mlango, akaweka mikono mapajani.

"Basi waambie Sur na Maskati wasije," alisema. "Au waje, wale, warudi."

Hakulia, na hakucheka. Mimi pia sikuwa na nguvu ya kushangilia. Tulikaa pale kama watu wawili waliomaliza kuhamisha nyumba.

Siku posho ilipoingia, alitoka asubuhi na kulipa. Alikataa nimpeleke kwa gari. Nilimwona akivuka njia, kijana wa gesi nyuma yake amebeba mtungi mpya, yeye mbele kama anaongoza harusi. Kwa jirani wa mkabala alipeleka mtungi, na juu yake mzigo wa kuni, kwa zile zilizochomwa. Kwa Mhindi alilipa kisha akamsahihisha Kiswahili papo hapo, nikasikia pa moja tokea dukani, na Mhindi akarudia sentensi. Halafu akaingia ofisini kwangu, mbele ya wateja.

"Petroli," alisema, akaweka bahasha juu ya meza.

"Bi Mwalimu, mimi sikuhesabu."

"Najua hukuhesabu. Ulihadithia. Chukua, ili hadithi ibaki nzuri."

Wateja walicheka. Niliichukua. Nikadhani ndiyo mwisho, lakini hakuondoka. Aliitazama diploma ukutani, akapangusa vumbi la fremu kwa ncha ya buibui.

"Bado mmoja ananidai."

"Nani tena?"

"Yule kijana. Alisimama juani mlangoni kwangu akapiga hodi, asipewe karibu. Mpigie simu."

Nilimpigia. Kijana aliogopa, alisema kanuni haimruhusu kupokea kitu kwa mtu ambaye amemfanyia kazi, hata kahawa. Nilimfikishia Bi Mwalimu.

"Mwambie simpi kitu. Aje apige hodi, basi."

Alikuja Ijumaa, baada ya alasiri, amevaa dishdasha ile ile nyeupe pee, na aibu. Mimi nilikuwa nimekaa ukutani kwa nje, mahali alipokuwa akikaa mzee na kiti chake. Ndani nilisikia nyayo za watoto zikikimbilia mlangoni, kisha makofi mawili, na nyayo zikasimama. Kijana akanitazama. Nikamwonyesha mlango.

Akagonga. "Hud!" aliita, kama wanavyopiga hodi watu wa hapa.

Kisha Bi Mwalimu akajibu, kwa ile sauti yake ya siku za mpira, sauti iliyovuka ukuta, ikavuka njia ya msikitini, mpaka yule kibarua shambani akainua kichwa:

"Karibu! Karibu, mwanangu! Tupo!"